Jan Hus alichomwa moto, Nicholas wa Cusa akapewa ukadinali: Kanisa liliogopa nini?

Swali la msomaji: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kanisa la Moravian, naishi Mbeya. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba Jan Hus alichomwa moto mwaka 1415 kwa sababu Kanisa la wakati ule liliogopa mawazo mapya. Juzi nikasoma habari za Nicholas wa Cusa, padri Mjerumani aliyeandika mwaka 1440 kwamba dunia si kitovu cha ulimwengu na wala haijatulia mahali pamoja. Huyu hakuguswa, na baadaye akafanywa kadinali. Kati yao ni miaka 25 tu. Imekuwaje? Na sisi Wamoravian wa Tanzania tunahusika vipi na mambo haya ya Ulaya?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nakupa kwanza jibu lenyewe, halafu nikuoneshe nilikolitoa.

Wakuu wa Kanisa wa karne ya 15 hawakuwa watu wa kukimbia wazo kwa kuwa ni jipya. Wengi wao walikuwa wamesoma kuliko wafalme waliowazunguka, na baadhi yao ndio waliokuwa wakiyazaa hayo mawazo mapya. Kilichowatia hofu ni wazo lililogusa swali la nani mwenye neno la mwisho: nani aweza kumvua padri mamlaka, nani anastahili kupewa zaka na mashamba, nani anaamua Biblia inasema nini. Hus aliligusa swali hilo mimbarani, kwa lugha ya wauza mboga na mafundi viatu, tena katika mwaka ambao Kanisa lenyewe lilikuwa halina jibu lake. Cusa aliandika kwa Kilatini kuhusu mbingu.

Bila kuijua hali ya Kanisa mwaka 1414, kifo cha Hus hakieleweki. Tangu 1378 Kanisa la Magharibi lilikuwa na mapapa wawili, mmoja Roma na mwingine Avignon kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1409 makadinali wakakutana Pisa kumaliza mgogoro, wakamchagua papa mpya. Wale wawili wakakataa kuondoka, wakawa watatu. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu. Kila mmoja alikuwa na makadinali wake na watoza fedha wake, na kila mmoja aliwatenga wenzake na Kanisa. Mkristo wa kawaida hakuwa na njia ya kujua kama askofu wake aliwekwa na papa halali.

Mfalme Sigismund wa Ujerumani ndiye aliyeshinikiza mtaguso, yaani mkutano mkuu wa viongozi wa Kanisa, uitishwe Konstanz, mji wa kusini mwa Ujerumani ulio kando ya ziwa, mwezi Novemba 1414. Papa wa ule upande wa Pisa, Yohane XXIII (usimchanganye na yule aliyeitisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, huyu wa kwanza alihesabiwa baadaye kuwa si halali, ndiyo maana jina na namba yake vilitumika tena mwaka 1958), alipoona mambo yanamwendea kombo alitoroka Konstanz mwezi Machi 1415 akiwa amejigeuza mavazi. Mtaguso ukabaki bila papa. Tarehe 6 Aprili ukatoa tamko lililotikisa misingi: kwamba umepata mamlaka yake moja kwa moja kutoka kwa Kristo, na kwamba kila mtu, hata papa, anapaswa kuutii katika mambo ya imani na ya kumaliza mgawanyiko.

Litafakari tamko hilo, mwanangu, maana hilo nalo lilikuwa wazo jipya kabisa kuwekwa kuwa sheria. Waliolipitisha ndio waliomchoma Hus miezi mitatu baadaye.

Hus alizaliwa karibu mwaka 1370 kusini mwa Bohemia, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Alifundisha Chuo Kikuu cha Prague, na kuanzia 1402 akahubiri katika Kikanisa cha Bethlehemu, kilichoanzishwa mwaka 1391 mahsusi kwa mahubiri ya Kicheki. Alikuwa amesoma maandishi ya John Wycliffe, mwalimu wa Oxford aliyefariki 1384, na kutoka kwake akachukua fundisho moja zito: Kanisa la kweli ni kusanyiko la wale ambao Mungu amewateua, na kichwa chake ni Kristo. Nani yumo na nani hayumo, hakuna binadamu ajuaye. Kwa hiyo papa mwenyewe huenda hayumo. Na kiongozi wa Kanisa anastahili kutiiwa kadiri anavyomfuata Kristo, basi.

Chuoni, hoja ya namna hiyo ingeweza kujadiliwa mchana kutwa na watu wakaenda kula chakula cha jioni pamoja. Ilipotoka nje ya chuo ndipo ilipopata meno. Mwaka 1412 Yohane XXIII alituma watu Prague kutoa rehema, yaani ondoleo la adhabu za dhambi, kwa waliochangia fedha za vita yake dhidi ya mfalme wa Napoli. Mfalme Wenceslas wa Bohemia naye alikuwa na fungu lake katika mapato hayo. Hus alipinga hadharani. Vijana watatu waliopaza sauti makanisani dhidi ya rehema hizo walikatwa vichwa, na umati ukaibeba miili yao hadi Bethlehemu kama mashahidi wa imani. Kuanzia siku hiyo Hus hakuwa tena mwalimu mwenye maoni yake; mji ulikuwa unasimama na kukaa kwa ajili yake. Mwezi Oktoba, baada ya kutengwa na Kanisa, alifanya jambo ambalo wanasheria wa Kanisa waliliona kuwa ni wazimu: alikata rufaa kwa Yesu Kristo mwenyewe, akiruka mahakama zote za duniani.

Alikwenda Konstanz kwa hiari, akiwa na ahadi ya ulinzi kutoka kwa Sigismund. Alifika tarehe 3 Novemba 1414, na kabla mwezi haujaisha akawa kifungoni. Sigismund alikasirika mwanzoni, kisha akanyamaza alipoona kwamba akishikilia ahadi yake mtaguso mzima utavunjika.

Kuna tukio moja katika kesi yake ambalo kwangu linaeleza jambo zima. Lilitokea tarehe 8 Juni 1415, siku ya mwisho ya mahojiano. Hus alisomewa hoja yake kwamba papa, askofu au padri aliye katika dhambi ya mauti si papa wala askofu wala padri wa kweli mbele za Mungu. Akaikubali kwa ufafanuzi wake, kisha akaongeza kwamba hata mfalme aliye katika dhambi ya mauti si mfalme wa kweli mbele za Mungu. Sigismund wakati huo alikuwa dirishani akizungumza na wakuu wengine, hasikilizi. Kadinali Pierre d'Ailly akaamuru mfalme aitwe, na Hus akatakiwa arudie maneno yake mbele yake. Akarudia. Sigismund akamjibu kwamba hakuna aishiye bila dhambi. D'Ailly akamgeukia Hus na kumwambia, kwa maana hii, kwamba haikumtosha kuwabomoa makasisi, sasa anataka kuwaangusha na wafalme.

D'Ailly alielewa vizuri sana alichokuwa akikifanya. Ukisema utakatifu wa mtu ndio unaompa cheo, basi kila cheo nchini kinaning'inia. Mashamba ya nyumba za watawa na ya maaskofu, ambayo katika Bohemia yalikuwa makubwa mno, wakuu wa nchi wangeweza kuyachukua kwa kusema tu kwamba mwenye nayo ni mwovu. Ubatizo aliokubatiza padri mzinzi je, unafaa? Hus mwenyewe alijibu kwamba sakramenti zinabaki halali hata mikononi mwa padri mwovu, lakini wasikilizaji wake wa mitaani hawakuwa wakiyapima maneno kwa uangalifu huo. Sitaki kuwatetea waliomhukumu. Nataka uone kwamba hofu yao haikuwa ya kijinga.

Sasa mtazame huyu d'Ailly. Alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris, kisha askofu wa Cambrai, kisha kadinali. Alikuwa pia mtaalamu wa nyota na jiografia, na aliusukuma mtaguso uleule urekebishe kalenda, kwa kuwa siku ya Pasaka ilikuwa inaachana na jua mwaka hadi mwaka. Karibu mwaka 1410 aliandika kitabu cha Kilatini juu ya umbo la dunia kiitwacho Imago Mundi. Nakala aliyoimiliki Christopher Columbus, ikiwa imejaa maandishi yake pembeni, ipo Sevilla hadi leo. Mtu aliyemwita mfalme atoke dirishani aje asikie uzushi wa Hus ndiye aliyemsaidia Columbus kuamini kwamba bahari ya magharibi inavukika.

Tarehe 6 Julai, ndani ya kanisa kuu la Konstanz, Hus alivishwa mavazi yote ya Misa na kukabidhiwa kalisi, yaani kikombe cha divai ya Misa, kana kwamba anakwenda altareni. Alipokataa kwa mara ya mwisho kukana mafundisho yake (alisema hawezi kukana mambo ambayo hakuwahi kuyafundisha), maaskofu wakamnyang'anya kalisi, wakamvua kasula, stola na mengine kipande kwa kipande, kila kimoja na laana yake. Ilipofika kwenye nywele zilizonyolewa kama alama ya upadri, wakabishana wenyewe kwa wenyewe kama waziharibu kwa wembe au kwa mkasi. Wakamvika kofia ndefu ya karatasi iliyochorwa mashetani watatu na maandishi ya kumtaja kuwa mkuu wa wazushi. Alichomwa nje ya mji, na majivu yake yakatupwa mto Rhine ili wafuasi wake wasipate hata kipande cha kuheshimu.

Mavazi ni nusu ya hukumu hiyo. Hus aliuliza kama cheo kinatoka kwa watu au kwa Mungu, nao wakamjibu kwa kuonesha hadharani kwamba waliompa wanaweza kumvua.

Mwaka uliofuata, tarehe 30 Mei 1416, rafiki yake Jerome wa Prague alichomwa mjini humohumo. Miongoni mwa waliotazama alikuwepo Poggio Bracciolini, Mwitaliano aliyekuwa karani wa mapapa. Poggio aliandika barua ya kumsifu Jerome kwa ujasiri na ufasaha wake, akimlinganisha na wanafalsafa wa kale. Barua ilisomwa na wasomi wenzake, na hakuna aliyemfanya kitu. Mwaka 1417, akiwa bado kwenye shughuli za mtaguso, alizunguka nyumba za watawa akitafuta vitabu vya kale, akaibua shairi la Lucretius, Mrumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, linalofundisha kwamba kila kitu ni chembe zinazogongana, kwamba roho hufa na mwili, na kwamba miungu haijishughulishi nasi. Kwa Mkristo hakuna fundisho kali kuliko hilo. Lilinakiliwa na kusomwa Italia nzima, na Poggio akaendelea kuwatumikia mapapa kwa miongo kadhaa.

Ndipo tufike kwa Nicholas wa Cusa. Alizaliwa 1401 Kues, kijiji cha mto Mosel, akasomea sheria za Kanisa, na mwaka 1433 akiwa kwenye Mtaguso wa Basel aliandika kitabu cha kutetea mtaguso kuwa juu ya papa. Baadaye alibadili upande, akahamia kwa Papa Eugenius IV, akatumwa Konstantinopoli mwaka 1437 kuwaleta Wagiriki kwenye mazungumzo ya umoja. Anasema mwenyewe kwamba akiwa baharini akirudi ndipo alipofunuliwa wazo kuu la kitabu chake cha 1440: akili ya binadamu ikifika mwisho wake na kutambua haijui, hapo ndipo inapomkaribia Mungu. Kutokana na hilo akatoa hoja kwamba ulimwengu hauna kitovu wala ukingo wa kupimika, kwamba dunia haiwezi kuwa katikati wala kutulia kabisa, na kwamba huenda nyota nyingine nazo zina wakazi.

Si kweli kwamba hakuna aliyempinga. Johannes Wenck, profesa wa Heidelberg, aliandika kumshutumu kwamba mafundisho yake yanafuta tofauti kati ya Mungu na viumbe. Cusa akamjibu kwa kitabu mwaka 1449. Wakati huo alikwisha kuteuliwa kadinali na Papa Nicholas V mwaka 1448, na 1450 akapewa jimbo la Brixen. Wenck alikuwa mtu wa upande wa mtaguso, Cusa mtu wa papa. Kwa hiyo hata shutuma hiyo ya kiteolojia ilikuwa na siasa ndani yake.

Kuna kiungo kati yake na Hus ambacho watu wengi hawakijui. Baada ya Hus kuuawa, wakuu 452 wa Bohemia na Moravia walitia mihuri yao kwenye barua ya kuupinga mtaguso. Kuanzia 1420 majeshi ya msalaba yaliivamia Bohemia mara tano, na mara zote tano yalishindwa. Alama ya waasi ilikuwa kikombe: walidai waumini wote wapokee divai pamoja na mkate. (Hus hakuchomwa kwa ajili ya kikombe, kama inavyosemwa mara nyingi. Desturi hiyo ilianza Prague yeye akiwa tayari Konstanz, akaibariki kwa barua.) Mwaka 1433 wajumbe wao waliitwa Basel kujadiliana, na kijana Nicholas wa Cusa akaandika kuwajibu. Hoja yake haikuwa kwamba kikombe ni kibaya. Alisema Kanisa lina mamlaka ya kupanga namna ya kukomunika kulingana na nyakati, na anayejitenga na umoja kwa ajili ya kikombe amepoteza kilichomo ndani ya kikombe. Yuleyule ambaye angekuja kuiondoa dunia katikati ya ulimwengu hakuwa tayari kuuondoa umoja wa Kanisa katikati ya imani.

Nikuongezee Lorenzo Valla. Mwaka 1440, akiwa mtumishi wa mfalme Alfonso aliyekuwa akigombana na papa, alithibitisha kwamba hati iliyodaiwa kuwa ya mfalme Konstantino, ya kuwapa mapapa utawala wa nchi za magharibi, ni ya kughushi: Kilatini chake na mambo kinachoyataja havikuwepo zama za Konstantino. Hilo liligusa mamlaka moja kwa moja, sivyo? Mwaka 1444 alihojiwa Napoli na wachunguzi wa imani juu ya mafundisho yake, mfalme akamkinga. Miaka minne baadaye akaajiriwa Roma na papa yuleyule aliyempa Cusa ukadinali. Hakuwa na umati nyuma yake. Kitabu kilekile kilipochapishwa Ujerumani katika karne iliyofuata, kikamfikia Martin Luther mwaka 1520, kikawa baruti.

Usichukue maelezo yangu ukayafanya kanuni isiyo na mwanya. Mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alilaani hoja 219, nyingi zikiwa za falsafa ya maumbile tu. Mwaka 1327 mnajimu Cecco d'Ascoli alichomwa Florence. Mwaka 1487 Papa Innocent VIII alilaani hoja za kijana Pico della Mirandola, aliyetaka kujadili hoja 900 mbele ya wasomi Roma. Akakimbia, na akaja kusamehewa na papa aliyefuata. Kulikuwa na watu wakali kwa kila jambo, na kulikuwa na chuki binafsi.

Lakini tazama kilichotokea baadaye. Nicolaus Copernicus, mtumishi wa kanisa kuu la Frombork, alichapisha 1543 kitabu chake kinachosema dunia hulizunguka jua, na kukitoa kwa heshima ya Papa Paulo III. Kwa miaka 73 Roma haikukipiga marufuku. Ndani ya miaka hiyo Ulaya ilikuwa imepasuka. Huko Leipzig mwaka 1519, Johann Eck, mwanateolojia wa upande wa papa, alimbana Luther kwenye mjadala mpaka akakiri kwamba kati ya hoja za Hus zilizolaaniwa Konstanz zilikuwemo za Kikristo kabisa, na Eck akajua amempata. Mtaguso wa Trento ukaamua 1546 kwamba mtu asifasiri Maandiko kwa akili yake kinyume na maana inayoshikwa na Kanisa. Kwa hiyo tamko la Roma la tarehe 5 Machi 1616 lina tofauti ya kuangaliwa. Kitabu cha Copernicus kilisimamishwa mpaka kirekebishwe. Kile cha mtawa Mkarmeli, Paolo Antonio Foscarini, aliyeandika kwa Kiitaliano kuonesha kwamba Biblia yenyewe inaweza kusomwa ikakubaliana na dunia inayozunguka, kilipigwa marufuku moja kwa moja. Mnajimu aliomba hesabu zake zikubaliwe. Mtawa alitaka kuifasiri Biblia upya. Adhabu nzito ikamwangukia mtawa.

Kuhusu swali lako la mwisho. Baada ya vita Bohemia kuchoka, kundi dogo la wafuasi wa Hus waliochukia kumwaga damu lilijikusanya Kunvald mwaka 1457 na kuunda Umoja wa Ndugu. Uliteswa karibu ufutike katika karne ya 17, ukafufuka Herrnhut, Ujerumani, katika miaka ya 1720, na kutoka huko wamisionari wakasambaa duniani. Walifika Rungwe mwaka 1891. Kwa hiyo kanisa lako limetoka katika ubishi huohuo niliokueleza, na leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote.

Na kwa upande wa Roma, tarehe 17 Desemba 1999 Papa Yohane Paulo II, mbele ya wasomi waliokutana kumjadili Hus, alitamka kwamba anasikitika sana kwa kifo cha kikatili alichouawa.